Nyumba za zamani, vakansi za leo: kabla ya kulala Mpala ao Kirungu, uliza maswali manne

Kila mwaka mwezi wa saba, masomo yakiisha, swali moja linazunguka katika nyumba za Kalemie: "Vakansi tutaenda wapi?" Wenye feza wanafikiria Lubumbashi, ao kuvuka ziwa mpaka Kigoma. Walio wengi wanabaki nyumbani, watoto wanashinda ufukoni, na vakansi inaisha hivyo.

Kuna jibu la tatu ambalo halisemwi sana: kutoka mjini na kwenda kulala siku mbili tatu kijijini, ndani ya nyumba ya zamani. Jimbo la Tanganyika lina nyumba za namna hiyo. Kuna misheni za karne ya 19 kandokando ya ziwa, nyumba za matofali ya kuchoma kwenye milima ya Marungu, na majengo ya reli kwenye njia ya Kabalo. Kuta zake ni nene, baraza ni pana, miembe ya uwanjani imepandwa na watu waliokufa zamani. Kule Ulaya, nyumba za aina hii watu wanazitafuta miezi kabla. Huku kwetu tunazipita kwa pikipiki bila kugeuza kichwa.

Katika jimbo ambalo limepokea watu waliokimbia vita vya Kivu, kuongea vakansi kunaweza kuonekana kama mzaha. Mwezi wa pili 2025, Bukavu ilipoanguka, mashua zilileta Kalemie askari na raia waliokuwa wanakimbia. Lakini habari hii si ya starehe peke yake. Nyumba ya zamani ikianguka hairudi. Na kijiji ambacho mgeni analala na kula ni kijiji kinachopata franka bila kuuza shamba. Kwa hiyo kuchagua mahali pa kulala ni jambo la uchumi, ni jambo la historia, na kule Mpala ni jambo la haki pia.

Nyumba hizi zilitoka wapi

Kabla Babeleji hawajafika, njia ya ziwa ilikuwa ya misafara. Mtoa, kaskazini ya Kalemie ya leo, ilikuwa bandari ya wafanyabiashara wa Ujiji. Pembe za ndovu na watumwa walipita pale, na Kiswahili tunachokisema leo kilipita pale pia. Mtu akisema historia ya jimbo ilianza na mzungu, mwambie arudi nyuma kidogo.

Mwaka 1883 afisa Mbeleji, Émile Storms, alifika Mpala, kwenye mdomo wa mto Lufuko, kwa niaba ya shirika la mfalme Léopold II, akajenga ngome. Miaka miwili baadaye, 1885, mahali hapo pakapewa mapadri wa White Fathers, wale wazee wetu wanaita Mapadri Weupe. Kapteni Mfaransa Léopold Joubert akaja kuwalinda. Alioa mwanamke wa huku, Agnes Atakae, akabaki jimboni mpaka kifo chake mwaka 1927.

Kapteni Jacques naye alianzisha kituo cha Albertville mwishoni mwa 1891, na Rumaliza wa Ujiji alijaribu kukibomoa. Mapadri wakapanda milimani na mwaka 1893 wakaanzisha Baudouinville, ambayo leo ni Kirungu, juu ya Moba. Pale Kirungu ndipo Stefano Kaoze alipopewa upadri mwaka 1917, padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati hizi.

Halafu ikaja reli. Mwaka 1915 kampuni ya CFL ilimaliza njia ya kutoka Kabalo mpaka Albertville, kilomita 273. Mwaka ule ule reli hiyo ilibeba boti mbili ndogo za Waingereza, Mimi na Toutou, ambazo ziliwashinda Wajerumani ziwani: Kingani ilikamatwa tarehe 26 mwezi wa 12 mwaka 1915, na Hedwig von Wissmann ikazamishwa mwezi wa pili 1916. Nyumba za stesheni zilizobaki kwenye njia ile, kupitia Niemba na Nyunzu, ni za ukoo huo.

Kwa kifupi: nyumba nzuri za zamani za jimbo hili ni za watu watatu. Kuna za mapadri, kuna za reli, kuna za serikali ya kikoloni na wafanyabiashara wake. Kila moja imekuwa na bahati yake.

Kwa nini moja inasimama na nyingine imekufa

Mwezi wa 11 mwaka 1973, Rais Mobutu alitangaza zairianisation. Mashamba, maduka na biashara za wageni vilipewa wenyeji, wengi wao watu waliokuwa karibu na chama. Kazi ya hoteli inahitaji matengenezo kila mwezi, na wengi wa waliopewa hawakuwa na mtaji wala mazoea ya kazi hiyo. Waliuza vitanda, wakauza mabati, kisha wakauza milango. Kiwanda cha nguo cha Filtisaf hapa Kalemie, ambacho kililisha familia nyingi, nacho kilifunga milango miaka iliyofuata. Mji usio na mishahara hauna wageni, na hoteli isiyo na wageni inakufa polepole.

Nyumba za reli ziliingia mikononi mwa SNCC. Treni ikipungua, stesheni inageuka makao ya familia zisizo na mahali pengine pa kwenda. Wanapika ndani, wanafuga mbuzi kwenye baraza. Mtu asiwahukumu: wao ndio wanaozuia jengo lisibebwe tofali kwa tofali.

Nyumba za misheni ndizo zilizodumu zaidi. Sababu si matofali bora. Sababu ni kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo kulikuwa na mtu wa kupanda juu ya paa kabla ya mvua, na kulikuwa na kazi ya kufanya ndani: shule, dispansari, seminari, chumba cha wageni wa parokia. Nyumba inayotumika inaishi. Nyumba inayofungwa na ufunguo inakufa, hata kama mlango wake ni wa mti wa thamani.

Tuangalie Zanzibar. Mwaka ule ule 1883 ambao Storms alifika Mpala, Sultani Barghash alijenga jumba la Beit-el-Ajaib. Mji Mkongwe wote uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Wageni wanamiminika, nyumba za matajiri wa zamani zimekuwa hoteli. Hata hivyo tarehe 25 mwezi wa 12 mwaka 2020 sehemu kubwa ya jumba hilo ilianguka, na watu wawili wakafa. Kama jengo maarufu kuliko yote ya pwani linaweza kuanguka mchana, parokia ya kijijini iko salama namna gani? Sifa haishiki paa. Misumari ndiyo inashika.

Maswali manne kabla ya kulipa

Familia ikitaka kuchagua nyumba ya zamani kwa vakansi, mambo manne yanapaswa kujulikana mapema.

La kwanza: nyumba ni ya nani? Huku kwetu jibu si rahisi. Kuna nyumba ambazo parokia, SNCC, kiongozi wa sheferi na familia ya aliyepewa mwaka 1973 wote wanasema "ni yetu". Mgeni akilipa mtu asiye mwenyewe, anaweza kuondolewa usiku, na pesa yake haitengenezi hata dirisha moja. Njia nyepesi ni kuanza kwa paroko ao kwa shefu wa kijiji, na kudai karatasi ya malipo. Mwenye nyumba wa kweli haogopi kuandika karatasi.

La pili: paa, maji na choo vikoje? Picha ya simu haionyeshi dari. Uliza mvua ya mwisho iliingia wapi. Uliza kama maji yanatoka chemchemi, kisima, ao ziwani moja kwa moja, kwa sababu kipindupindu si mgeni kwenye ufuko wetu. Umeme wa Bendera unafika Kalemie mjini, lakini kwenye misheni nyingi za kijijini usiku ni wa sola ao wa taa ya mkononi. Hilo si baya kwa mtu aliyejua mapema. Ni baya kwa mama aliyebeba mtoto mdogo na dawa inayotaka friji. Nyumba inayosema ukweli juu ya choo chake ni bora kuliko nyumba yenye baraza nzuri na maneno mengi.

La tatu: pesa inabaki wapi? Hili ndilo linalotofautisha mgeni anayesaidia na mgeni anayepita. Tuseme familia inalala misheni, lakini imebeba unga, mafuta, soda na hata mkaa kutoka Kalemie. Kijiji kimepata nini? Kelele ya watoto tu. Familia nyingine inanunua mikebuka kwa wavuvi asubuhi, inamlipa mama wa jirani apike bukari na sombe, inamlipa kijana awaonyeshe njia ya mlimani. Feza ile ile imeingia nyumba nne. Chagua mahali ambapo chakula kinatoka karibu. Na ulize bei ya kila kitu kabla, kwa franka, ili mwisho wa safari kusiwe maneno.

La nne: nani anasimulia nyumba hii? Swali hili watu hawaliulizi, na ndilo zito kuliko yote.

Kichwa cha Lusinga

Mtu anayekaa kwenye uwanja wa Mpala jioni, upepo ukitoka ziwani, anaona amani. Ni vizuri ajue pia kilichotokea karibu na hapo.

Lusinga alikuwa mkuu wa Watabwa mwenye nguvu, na mwenyewe alifanya biashara ya watumwa. Alikataa kuinama mbele ya Storms. Mwezi wa 12 mwaka 1884, Storms alituma watu wenye bunduki. Lusinga aliuawa, kichwa chake kikakatwa, vijiji vikachomwa. Fuvu lake lilipelekwa Ubelgiji pamoja na mafuvu ya wakuu wengine wawili, na likahifadhiwa kwenye taasisi ya sayansi ya asili huko Brussels. Sanamu ya mti iliyokuwa ya ukoo wake iko katika jumba la makumbusho la Tervuren.

Kwa miaka mingi habari hiyo ilijulikana na wazee wa Marungu na wataalamu wachache. Mwaka 2018 vyombo vya habari vya Ubelgiji viliileta tena mezani, na mwezi wa sita 2022 sanamu ya Storms iliyokuwa kwenye uwanja mmoja wa Brussels iliondolewa. Mwezi ule ule Ubelgiji ilirudisha jino la Patrice Lumumba kwa familia yake. Mjadala juu ya mafuvu unaendelea.

Sasa fikiri: huko Brussels mtoto wa shule anaweza kusoma kwa nini sanamu ile imeondolewa. Mtoto wa Kalemie anayepelekwa vakansi Mpala, akalala mita chache kutoka mahali ambapo Storms alipanga vita vyake, anaweza kurudi nyumbani akijua tu kwamba "ni nyumba ya zamani za Babeleji, nzuri sana". Hapo mtoto ameibiwa kitu, na hakuna aliyemwibia kwa makusudi. Hakukuwa na mtu wa kusema tu.

Kusema si kuchukia misheni. Katika nyumba hizo hizo kulikuwa na mapadri waliofundisha watu kusoma, na watumwa waliopata mahali pa kukimbilia. Joubert anakumbukwa kwa heshima na wengi. Kaoze alitoka katika shule za mapadri hao. Lakini nyumba yenye historia ina vyumba vyote, vya furaha na vya damu. Mahali pazuri pa kulala ni mahali ambapo mwenyeji anaweza kumwonyesha mgeni vyote viwili bila aibu, na ambapo mzee wa kijiji anaitwa kusimulia na kulipwa kwa muda wake kama fundi mwingine yeyote.

Vivyo hivyo Niemba, kwenye njia ya reli. Tarehe 8 mwezi wa 11 mwaka 1960, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walishambuliwa karibu na hapo na wapiganaji wa Kiluba, na 9 kati ya 11 wakafa. Ireland inawakumbuka kila mwaka. Waluba nao walipoteza watu siku ile. Upande wao nani anauandika?

Njia na majira

Uzuri wa nyumba hauna maana kama safari inaua.

Kwa ziwa, vakansi kubwa ni majira ya upepo wa kusini, na mawimbi ya mchana ni makali. Hakuna mtu wa Kalemie aliyesahau MV Mutambala, iliyozama mwezi wa 12 mwaka 2014 na watu zaidi ya 100 wakafa. Mashua iliyojaa kupita kiasi haipandwi, hata kama mwenye mashua ni shemeji. Dai jile, ondoka alfajiri, na kama ziwa limechafuka, kaa. Siku moja ya kungoja haijaua mtu.

Kwa barabara, Nationale 5 inayoshuka kutoka Kalemie mpaka Moba inapitika vizuri zaidi wakati wa kiangazi. Kutoka Moba-Port, njia inapanda kwenda Kirungu, na hewa inabadilika: usiku ni baridi, na mtu aliyetoka Kalemie na shati moja atajuta. Mbele zaidi, nyanda za Marungu zinapita mita 2,000, nchi ya majani na ng'ombe, zaidi ya mita 1,000 juu ya ziwa.

Kwa usalama, jimbo halifanani kila mahali. Tangu 2013 mapigano kati ya Watwa na Waluba yamechoma vijiji vingi katika teritware za Nyunzu, Manono, Kalemie na Moba, na vikundi vyenye silaha havijaisha. Njia iliyokuwa wazi mwezi uliopita inaweza kufungwa leo. Ulizia kwa wanaotoka huko wiki hiyo hiyo: madereva wa kamioni, motari, masista wa dispansari. Wao wanajua kabla ya tangazo lolote. Kama jibu ni "haijulikani", basi vakansi ni ya mwaka kesho.

Na ziwa lenyewe limekuwa swali. Maji yalipopanda, mwaka 2021 na tena 2024, nyumba za ufukoni kutoka Uvira mpaka Moba ziliingiliwa. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutoa maji yake, Lukuga, na unaanzia hapa Kalemie. Watangulizi wetu walipenda kujenga karibu na maji kwa sababu ya mashua. Mgeni wa leo aangalie mstari wa matope ukutani: unasema maji yalifika wapi.

Nani atengeneze?

Nchi ina sheria. Ordonnance-loi namba 71-016 ya tarehe 15 mwezi wa tatu 1971 inalinda mali ya utamaduni, na inaruhusu jengo kuwekwa kwenye orodha ya serikali ili lisibomolewe wala kubadilishwa ovyo. Jimbo la Tanganyika lilizaliwa mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa. Jimbo jipya lina kazi nyingi: barabara, shule, wakimbizi, maji. Lakini kuandika orodha ya nyumba za zamani hakuhitaji tingatinga. Kunahitaji daftari, simu yenye kamera, na vijana wa shule wenye wazee wa kuwauliza.

Wapo watakaosema: hizi ni nyumba za wakoloni, acha zianguke. Hoja hiyo ina uzito, hasa ikitoka kwa mtu wa Marungu. Ila matofali yale yalifinyangwa, yakachomwa na kubebwa na babu zetu, wengi bila mshahara wa haki. Jengo likianguka, kazi yao ndiyo inayopotea. Jina la aliyetoa amri limekwisha kuandikwa katika vitabu vya Ulaya. Majina ya waliobeba matofali hayajaandikwa popote, na ushahidi wao pekee ni ukuta.

Kwa hiyo familia itakayoamua mwaka huu kulala Mpala ao Kirungu isiende tu na mablanketi na sufuria. Ibebe maswali manne, na ibebe daftari la mtoto. Akirudi shuleni mwezi wa tisa na mwalimu akaomba habari za vakansi, awe na jina la mzee mmoja aliyemsimulia, na jina la mkuu mmoja ambaye kichwa chake kilichukuliwa.